Mlima Loleza unakimbia na soko: namna ya kuipa steji ya M.U.G.E.N umbali

Swali: Shikamoo kaka. Niko Uyole, Mbeya. Natengeneza steji, yaani uwanja wa kupigania, ya M.U.G.E.N (injini ya kutengenezea gemu za kupigana za kompyuta) inayoonyesha soko la Mwanjelwa na Mlima Loleza kwa nyuma. Nilipiga picha moja kwa simu nikaiweka kama ilivyo. Mlima unakimbia sambamba na soko, wapiganaji wanaelea na miguu yao inateleza, na mtu akiruka juu inatokea michirizi ya ajabu. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu. Nianzie wapi ili ionekane Mbeya kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umechagua mahali pazuri, na nimefurahi kuona kijana wa Uyole anaingiza Mwanjelwa kwenye gemu la kupigana badala ya kurudia tena zile barabara za Japani ambazo kila mtu anazo. Hayo matatizo yako yote yana mzizi mmoja. Picha ya simu imebandika mlima, mapaa ya bati, vibanda na ardhi kwenye karatasi moja, na kwa injini hicho ni kitu kimoja. Kamera ikienda kulia, vyote vinaenda pamoja. Kazi kubwa ya mtengeneza steji ni kulikata eneo kwa umbali na kukipa kila kipande mwendo wake. Kuchora kunafuata baadaye.

Panda gari la Tukuyu hapo Uyole, kaa dirisha la kushoto, uangalie nje bila simu. Mashamba ya viazi ya Isyonje yaliyo kando ya barabara yanapita kasi mpaka huwezi kuhesabu matuta. Miti iliyo mbali kidogo inapita polepole. Mlima Rungwe wenyewe unakaa palepale muda mrefu, kama vile unasafiri nawe. Macho yetu hupima umbali kwa njia hiyo, na ndani ya faili la steji kuna namba moja inayobeba jambo hilo lote. Inaitwa delta.

Kabla sijaifafanua, hakikisha umeuelewa muundo wenyewe. Elecbyte, watengenezaji wake, walitoa M.U.G.E.N mwaka 1999 ikiwa ya DOS, toleo 1.0 likaja 2011, na 1.1 ikafika beta (toleo la majaribio) mwaka 2013. Siku hizi wengi wanatumia Ikemen GO, injini huria inayosoma mafaili yaleyale. Kote huko steji ina mafaili mawili: la .sff linalohifadhi picha, na la .def ambalo ni maandishi matupu, unalifungua hata kwa Notepad. Hilo la .def ndilo linaloiambia injini picha ipi ikae wapi na iende kwa mwendo gani. Watu wengi hutumia miezi kwenye picha na dakika tano kwenye .def, ndiyo maana steji nyingi nzuri kwa macho zinachosha ukizichezea.

Sasa delta. Kila tabaka la picha lina kichwa chake ndani ya mabano ya mraba, herufi BG zikifuatwa na jina ulilolipa, na chini yake maelekezo. Kwa Loleza yako yangekuwa hivi:

type = normal
spriteno = 1, 0
start = 0, 0
delta = 0.1, 0.1
mask = 1

Spriteno ni namba ya picha ndani ya .sff, na start ni mahali inapokaa. Namba ya kwanza ya delta ni ya mwendo wa kulia na kushoto, ya pili ni ya juu na chini. Delta ya 1 maana yake kamera ikisogea pikseli 100, tabaka nalo linapita kwenye kioo pikseli 100. Ya 0.1 linapita pikseli 10 tu. Sifuri limegandishwa kwenye kioo. Zaidi ya 1 linapita kasi kuliko ardhi, kwa hiyo liko karibu na macho kuliko wapiganaji. Ile mask = 1 inaruhusu sehemu tupu za picha zipitishe kilicho nyuma yake; ukiisahau, mlima wako utakuja na ukuta wa rangi kuuzunguka.

Kwa Mwanjelwa mimi ningeanza na anga lenye delta 0, mawingu 0.05, Loleza 0.1, nyumba za mabati zinazopanda mlimani 0.3, safu ya maduka na vibanda 0.7, kisha ardhi ya kupigania 1. Mwisho kabisa, kitu kimoja au viwili mbele ya wapiganaji, labda ukingo wa mwavuli wa muuza parachichi, delta 1.3, ukiongeza layerno = 1 ili uchorwe juu ya wachezaji. Injini inachora kwa mpangilio wa faili, kwa hiyo cha mbali kabisa kiandikwe kwanza. Namba hizo usizichukulie kama sheria. Zibadilishe mpaka macho yaridhike, ila usiruhusu matabaka mawili yaliyo mbalimbali yawe na delta zinazolingana, maana yatagandana tena.

Ardhi ndiyo isiyo na mjadala. Mstari wanaokanyaga wapiganaji lazima uwe na delta 1. Wapiganaji wenyewe wanakwenda na kamera kwa kipimo hicho, na ardhi ikiwa na 0.9 au 1.1 ndipo unapoona miguu inateleza. Kuelea ni jambo jingine: kunatokana na zoffset iliyoko sehemu ya StageInfo. Hiyo inahesabu pikseli kutoka juu ya kioo hadi chini ya nyayo. Kwenye kioo cha urefu wa 720, ukiweka 660 mpiganaji atasimama pikseli 60 kutoka chini. Ukiweka 560 bila kubadili picha, atasimama juu ya meza za nyanya. Fungua picha yako ya ardhi kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, tafuta mahali ambapo mtu angesimama kweli, soma namba ya mstari huo, ndiyo uiandike.

Kuna njia nzuri zaidi ya kuifanya ardhi iwe hai: badala ya type = normal, andika type = parallax. Hapo injini inaupa kila mstari wa pikseli mwendo wake, wa mbele ukienda kasi kuliko wa nyuma, na ardhi inaonekana imelala chali badala ya kusimama wima. Inataka namba mbili za width, upana wa ukingo wa juu na wa ukingo wa chini. Kwa sakafu ya mawe au barabara yenye michirizi inapendeza sana. Kwa steji ya kwanza acha, weka ardhi ya kawaida yenye delta 1, uje kuijaribu ukishamaliza.

Tuje kwenye upana, maana hapo ndipo wengi wanapotoboa picha zao. Kwenye sehemu ya Camera kuna boundleft na boundright, mipaka ya safari ya kamera. Tuseme umeandika localcoord = 1280, 720, yaani upana na urefu wa kioo, na mipaka ni -400 na 400. Kamera ina safari ya pikseli 800 kwa jumla. Tabaka linatakiwa liwe na upana wa kioo ukijumlisha safari hiyo mara delta yake. Ardhi: 1280 jumlisha 800, ni 2080. Vibanda vya delta 0.7: 1280 jumlisha 560, ni 1840. Loleza ya 0.1: 1280 jumlisha 80, ni 1360 tu. Ona raha yake: mlima, ambao ndio mkubwa kuliko vyote, unahitaji picha ndogo kuliko ya vibanda. Ongeza pikseli chache za akiba kila upande, basi. Kwenye Fighter Factory, programu ya kupanga picha ndani ya .sff, weka kitovu cha kila picha katikati ya ukingo wake wa juu, ndipo start = 0, 0 ikupe picha iliyokaa katikati bila hesabu nyingine, maana kwa steji sifuri ya x iko katikati ya kioo na sifuri ya y iko juu.

Ile michirizi unayoiona mtu akiruka ni mahali ambapo hukuipa injini kitu cha kuchora. Mpiganaji akipaa, kamera inamfuata kulingana na verticalfollow, hadi kwenye boundhigh, ambayo huandikwa kwa namba hasi. Weka boundhigh = -150. Kamera ikifika juu kabisa, ardhi imeshuka pikseli 150 kwenye kioo, lakini Loleza yenye delta 0.1 imeshuka 15 tu. Katikati pamefunguka nafasi ya pikseli 135. Kwa hiyo mlima usiukate pale unapoishia kuonekana. Endelea kuuchora chini, nyuma ya mapaa na vibanda, angalau pikseli 135 zaidi, hata kama ni rangi ya majani tu isiyo na maelezo. Vilevile picha ya ardhi na vibanda iwe na kitu juu ya mstari wa kioo endapo kuna jengo refu, maana sehemu ile itashuka ionekane. Kwa vitu vya juu vya namna hiyo, shusha kitovu cha picha kwa kiasi ulichoongeza juu, ili kila kitu kibaki mahali pake.

Kuyatafuta matundu hayo kwa macho ni kujitesa. Kwenye sehemu ya BGDef andika debugbg = 1. Injini itajaza rangi kali ya zambarau-waridi nyuma ya kila kitu kabla ya kuchora. Tembea mpaka mwisho wa kushoto, ruka. Nenda mwisho wa kulia, ruka. Popote rangi ile inapochungulia, pana tundu. Ukimaliza irudishe 0. Na usifunge gemu kila unapobadili namba moja: kwenye M.U.G.E.N ukibonyeza Shift na F4 steji inapakiwa upya hapohapo. Unaweza pia kuingia moja kwa moja kwenye pambano kwa kuandika mugen kfm kfm -s stages/mwanjelwa.def kwenye dirisha la amri, bila kupita kwenye menyu; kfm ni Kung Fu Man, mpiganaji anayekuja na M.U.G.E.N.

Sasa niseme kuhusu Loleza yenyewe, kwa sababu umeuliza ionekane Mbeya kweli, na hilo halimo kwenye namba. Ukiwa Mwanjelwa unautazama mlima kuelekea kaskazini. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya mwaka, Juni na Julai, jua la mchana linasimama upande wa kaskazini, yaani nyuma ya mlima ukiwa mjini. Miteremko inayokutazama inakuwa kwenye kivuli, na picha ya simu inatoka nyeusi bapa, bila mikunjo. Desemba na Januari jua linahamia kusini na kuipiga miteremko hiyo usoni. Subiri asubuhi ya Januari baada ya mvua ya usiku, hewa ikiwa imeoshwa: utaona kila bonde, kila kichaka, kijani juu ya kijani. Picha ya namna hiyo ndiyo ya kuchorea. Kama unataka Mbeya ya kiangazi, Septemba, nyasi zimekauka na kuna vumbi na moshi wa mashamba, hiyo nayo ni nzuri sana, lakini basi kila kitu kifuate: mlima ufifie kuelekea buluu-kijivu, anga liwe jeupe karibu na upeo, na vumbi lionekane kwenye mapaa.

Chagua msimu mmoja na saa moja, halafu usivunje ahadi hiyo kwenye tabaka lolote. Nimeona steji zenye mlima wa jioni, soko la saa sita na kivuli cha asubuhi, na hata mtu asiyejua kuchora anahisi kuna kitu hakiko sawa. Kivuli cha wapiganaji kinapangwa kwenye sehemu ya Shadow: intensity kwa ukali, color kwa rangi, na yscale kwa urefu. Ukiipa yscale namba hasi kivuli kinaangukia upande wa pili. Kwa mchana wa Juni, jua likiwa nyuma ya mlima, kivuli kinatakiwa kije upande wetu. Kwa asubuhi yenye ukungu kipunguze ukali hadi kionekane kwa shida.

Umbali unaongezwa pia kwa rangi. Kila tabaka linaloenda nyuma lipoteze weusi wake na lisogee kuelekea rangi ya anga. Mapaa ya mabati ya karibu yana kutu unayoweza kuiona ilipo. Ya mlimani yawe vipande vya mwanga tu. Usichore kila dirisha la kila nyumba huko nyuma. Ukifanya hivyo nyumba zitarukia mbele na mlima utageuka kichuguu.

Na hapa nina msimamo mkali kidogo. Soko la Mwanjelwa lina rangi nyingi: vitenge, mitumba, ndoo, matunda. Kishawishi ni kuzimwaga zote. Lakini steji ni mahali pa kupigania, na mchezaji anahitaji kuona ngumi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ule ukanda ulio nyuma ya miili ya wapiganaji, kutoka goti hadi kichwa, uwe mtulivu: mbao, turubai lililopauka, ukuta, kivuli cha ndani ya kibanda. Vitenge vyako vining'inize juu ya vichwa. Nyanya na parachichi ziweke chini. Kisha piga picha ya kioo katikati ya pambano, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama huwaoni wapiganaji mara moja, punguza tofauti ya mwanga kwenye ukanda ule. Picha hiyohiyo ya kioo itumie kama rula: mbandike mpiganaji kwenye mchoro wako ili mlango wa duka uwe mrefu kumzidi na meza ya muuzaji imfikie kiunoni. Kipimo cha vitu vinavyojulikana ndicho kinachomfanya mtu wa Mbeya aseme hapa napajua.

Kuhusu kompyuta ya GB 4, inatosha kabisa ukiwa na nidhamu. Picha ya 2080 kwa 720 yenye rangi kamili inachukua takribani MB 6 kwenye kumbukumbu. Ikiwa na rangi 256 inashuka hadi kama MB 1.5, na kwa mlima au mbao rangi 256 zinatosha. Kumbuka tu kwamba kwenye picha ya namna hiyo rangi ya kwanza ya paleti (orodha ya rangi za picha) ndiyo inayokuwa uwazi. Rangi kamili kwenye PNG zinaungwa mkono kuanzia 1.1, ukitaka steji ichezwe hata kwenye 1.0, baki na 256. Anga halihitaji picha kubwa: kipande chembamba kinachofifia kutoka buluu kwenda nyeupe, kikirudiwa kwa tile = 1, 0, kinajaza kioo chote. Kinachoua kompyuta dhaifu ni kuhuisha picha nzima, yaani kuifanya itembee kwa fremu, picha zinazofuatana. Fremu 10 za ardhi ile ni MB 60.

Huisha vitu vidogo. Moshi wa mahindi ya kuchoma, kitenge kinachopepea, mama anayepanga ndizi. Injini inakwenda tiki 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu sita za tiki 8 kila moja zinamaliza mzunguko chini ya sekunde moja. Kitu cha pili kipe mzunguko wa urefu tofauti usiolingana, ili soko lisipumue kwa pamoja. Na bajaji ipite huko nyuma! Picha moja ya upana wa pikseli 200, velocity = 2, 0, tile = 1, 0 na tilespacing = 2800, 0, yaani nafasi tupu kati ya bajaji moja na inayofuata. Jumla ni pikseli 3000 kwa mwendo wa pikseli 2 kwa tiki, hivyo bajaji inapita kila baada ya sekunde 25. Mchezaji ataanza kuingoja.

Zile zoomout na zoomin za 1.1 zote mbili ziache kwenye 1 kwa sasa. Kamera ikirudi nyuma inaona eneo pana zaidi na hesabu zote za upana nilizokupa zinaongezeka.

Kwa muziki, faili la MP3 au OGG liweke kwenye folda ya sound na uandike njia yake kwenye bgmusic. Kuna vijana wenye studio ndogo Mbeya nzima; muombe mmoja akutengenezee mdundo unaojirudia bila mshono, na jina lake liandikwe kwenye maelezo ya steji. Picha za watu sokoni usizitumie zikiwa na sura zao. Chora watu wako mwenyewe, au waombe ruhusa wale unaotaka wafanane nao. Na usichomoe mlima wa mtu mwingine kutoka steji yake. Loleza uko hapo nje.

Kwa mpangilio wa kazi, anza leo na maboksi matupu: mstatili wa kijani kwa mlima, wa kijivu kwa mapaa, wa kahawia kwa vibanda, wa udongo kwa ardhi. Viweke kwenye .sff, andika delta, weka debugbg, ongeza stages/mwanjelwa.def chini ya ExtraStages kwenye select.def, faili linaloorodhesha wapiganaji na steji, pigana raundi kadhaa. Maboksi hayo yakishatembea vizuri, miguu ikatulia na rangi ya waridi isionekane popote, ndipo ufungue GIMP au Krita na kuanza kuchora juu yake, ukianzia ardhi na kurudi nyuma hadi mlimani. Ukikwama kwenye tabaka fulani, nitumie maandishi ya .def pamoja na picha ya kioo kamera ikiwa mwisho wa kushoto na nyingine mpiganaji akiwa juu kabisa. Kwa hizo nitaona kosa liko wapi.